Vichwa Vitatu Juu ya Farasi Mmoja

Bwana Jabez Purkiss aliingia bila kubisha hodi, gazeti kwapani, na kabla hata hajavua kofia akasema, "Kichwa kitoke."

Dorcas Tindal alikuwa ameinama dirishani, bamba la shaba limelala juu ya mto wake wa ngozi uliojazwa mchanga, kalamu ya chuma mkononi. Alikuwa anamalizia kuchonga kifungo cha mwisho cha koti katika picha.

"Kichwa cha nani?"

"Cha jenerali wako. Halloway kasalimisha ngome kwa Wafaransa bila kufyatua hata risasi moja. Jana wamechoma sanamu yake ya majani pale sokoni, watu wanashangilia. Sasa nani atamtundika ukutani kwake?"

Dorcas aliiweka kalamu chini polepole. Bamba lile lilikuwa limemla miezi kumi na mmoja. Farasi peke yake alimchukua majira ya baridi yote, majira ambayo moshi wa makaa wa London hushuka mpaka kwenye vioo vya madirisha, na mchongaji hupata mwanga wa saa tatu kwa siku akibahatika. Uso wa jenerali ulimchukua wiki saba. Kila mkunjo wa shavu lile la mzee alikuwa ameuchimba kwa vijistari vyembamba kuliko unywele.

"Bwana Purkiss, huu si ubao wa shule kwamba nafuta kwa kitambaa."

"Najua, Bi Tindal. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwa mtu mwingine."

Sifa hizo alizijua. Purkiss alikuwa na duka la picha karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, na shaba ilikuwa yake, mchoro alioununua kwa mchoraji ulikuwa wake, hata karatasi ilikuwa yake. Cha Dorcas kilikuwa mikono. Mikono hiyo aliirithi kwa baba yake, aliyemfundisha kuchonga angali binti wa miaka tisa, halafu akaolewa na Ambrose Tindal, mchongaji vilevile, mtu mpole lakini mwenye mkono mzito kwenye shaba. Miaka kumi na miwili Dorcas alichonga na Ambrose akatia sahihi. Ambrose akafa kwa homa, na sahihi ikaendelea kuwa ile ile, "A. Tindal", kwa sababu Purkiss alisema wateja wameizoea.

Bamba hili lilikuwa la kwanza kukubaliwa liwe na jina lake. Pale chini kulia, kwa herufi alizozichonga kinyumenyume kama ilivyo ada ili zitoke sawa kwenye karatasi: *Dorcas Tindal amechonga*. Kwa ajili ya maneno hayo matatu alikuwa amekataa kazi nyingine nne.

"Tunamweka nani?" aliuliza hatimaye.

"Admirali Crake. Kateka meli sita za adui kwa siku moja!"

"Mwanamaji? Juu ya farasi?"

"Watu wananunua uso, mama. Hawamnunui farasi."

Neno hilo lilimchoma kuliko mengine yote. Alikuwa amekwenda kwenye mazizi ya waendesha mikokoteni siku baada ya siku, akasimama kwenye matope na samadi, ili ajue ngozi ya farasi inavyojikunja begani anapoinua mguu.

Alifanya, lakini shingo upande. Alikwangua uso wa Halloway mpaka shaba ikabaki tupu, akaligeuza bamba juu ya fuawe na kuligonga kwa nyuma taratibu, ili lile bonde lililobaki lipande juu, kisha akalisugua kwa chuma laini mpaka likang'aa. Wiki tano baadaye Admirali Crake alikuwa amekaa juu ya tandiko, pua ndefu, amekaza macho kana kwamba anaiona bahari mahali fulani nyuma ya mti wa mwaloni.

Bamba likapelekwa kwa Gamaliel Roe, mpiga chapa, mzee mwenye mikono iliyokwisha kuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Gamaliel alilipaka wino, akalifuta kwa kiganja, akalilaza kitandani mwa mtambo, akatandika karatasi juu yake na kuvuta mkono wa mtambo. Karatasi ilipobanduliwa, akaishika juu na kuitazama kwa muda mrefu.

"Aisee, Bi Dorcas, farasi huyu anapumua."

Hizo ndizo sifa pekee alizopata kwa mwaka mzima, na Dorcas alizibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Siku ya nne Gamaliel alikuwa amekwisha kutoa karatasi mia mbili. Siku hiyo hiyo magazeti yakaandika kwamba zile meli sita hazikuwa za adui. Zilikuwa za Wadenmarki, rafiki wa mfalme, zimebeba mbao na samaki wa chumvi, na Admirali ameitwa kujieleza.

Purkiss alikuja mchana wake, jasho likimtiririka. "Kuna yule kabaila, Lodi Marwick. Farasi wake kashinda mbio zote za mwaka huu. Huyu angalau anajua kupanda, haki ya Mungu! Hapa hatukosei."

"Haiwezekani."

"Kila kitu kinawezekana, Bi Tindal."

"Leta kidole chako." Alikishika kidole cha Purkiss na kukipitisha juu ya shaba, mahali pa kichwa. "Unasikia? Imekuwa nyembamba kama ganda la yai. Nikigonga tena itapasuka. Nisipogonga kutakuwa na shimo, wino utajaa humo, na lodi wako atatoka na uso kama wa mfagia dohani."

"Basi kichonge kikubwa zaidi, kizidi shimo."

"Kichwa kikubwa kuliko mwili?"

"Kidogo tu."

"Sitaligusa bamba hili tena," Dorcas alisema. "Chukua shaba yako."

Purkiss alilichukua bamba. Alilipeleka ng'ambo ya mto kwa fundi mmoja aliyezoea kuchonga vibandiko vya tumbaku, na fundi yule akaimaliza kazi kwa siku nne.

Dorcas aliiona picha ikiwa imekwisha kutundikwa dirishani mwa duka. Watu wamejazana barabarani, wengine wanakula pai za samaki aina ya mkunga, wanacheka. Lodi Marwick alikuwa na kichwa kama boga, shingo imeingia kwenye koti kwa upande, jicho moja linatazama mbinguni.

"Kamtazame huyo! Farasi atavunjika mgongo kwa kubeba kichwa!" alipiga kelele muuza chaza mmoja.

"Kachonga nani?" aliuliza mwenzake.

Muuza chaza akainama, akasoma kwa sauti, herufi moja moja. "Dor-cas Tin-dal. Aa, mwanamke! Ndiyo maana."

Damu ilimchemka Dorcas mpaka masikioni. Aliingia dukani akiwasukuma wateja. "Bwana Purkiss, litoe jina langu pale."

"Kwa nini? Zinauzwa kama mikate! Wanacheka, lakini wananunua."

"Kichwa kile si changu."

"Tisa kwa kumi ya picha ni yako. Miaka yote unanililia jina, jina. Nimekupa jina, sasa hulitaki? Nikufanyeje, mama?"

Wateja waligeuka kumtazama. Dorcas akawapita, akatoka nje.

Kesho yake saa sita mchana alikwenda kwa Gamaliel. Bamba lilikuwa juu ya meza, lina joto bado, maana hupashwa moto kabla ya kupakwa wino. Mzee aliona alichokishika mkononi, kile chuma laini cha kusugulia, akaelewa.

"Hii ni kazi ya watu, Bi Dorcas. Purkiss akijua, simalizi wiki hapa."

"Najua. Sikuombi kitu."

Gamaliel alijifuta mikono kwa muda mrefu bila sababu. "Mimi huwa nakwenda kunywa bia saa hizi," alisema, akatoka na kuvuta mlango.

Kazi ilichukua chini ya nusu saa. Herufi alizozichonga kwa siku mbili zilikuwa rahisi ajabu kuzifuta. Alianzia mwisho, na alipofika kwenye D alisimama kidogo, kisha akaisugua nayo.

Purkiss hakugundua mpaka baada ya miezi miwili, kwa kuwa hakuna mteja aliyeuliza. Alipogundua, alimwacha Gamaliel na kazi yake, lakini kazi zote alizokuwa akimpa Dorcas akazihamishia kwa yule fundi wa ng'ambo. Majira yale ya baridi Dorcas alichonga kadi za wauza chai na vifuniko vya masanduku ya hamira, kazi ambazo hata baba yake alikuwa akiwaachia wanafunzi.

Mwaka uliofuata alipata kazi kwa Daktari Vane, mpasuaji aliyekuwa anaandika kitabu cha mifupa. Huyo naye alikuwa mgumu. Alirudisha picha ya kifundo cha mkono mara tatu.

"Kijifupa hiki umekinenepesha, Bi Tindal."

"Nimekichora nikiwa nimekishika mkononi, Daktari. Kilete tukipime."

Wakapima, na daktari ndiye aliyekuwa sahihi. Dorcas akachukua kikwanguo, akavuta kiti karibu na mwanga, akaanza upya.