Tulivyompeleka Limi Shinyanga

Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Juni, 1999, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka nyumbani Katoro: mama, mdogo wangu Limi na mimi. Guku, yaani babu yetu, alikuwa ameshasema kwamba mtoto wa miaka saba asiyesalimia wakubwa ana jini. Tukirudi bila jibu la daktari, atampeleka kwa mganga akakae huko huko. Mama alilia. Mimi, nisiyezoea kusema mbele ya wakubwa, nilifunga mizigo.

Ushirombo, lori tulilopanda lilisimama kupakia mizigo. Mwanamke mmoja akamshika Limi kidevu. "Sema shikamoo, mrembo!" Limi akapiga yowe, akajiuma mkono.

"Hiki kitoto hakina adabu!"

"Nisamehe, dada," mama akasema. Nilitamani ardhi inimeze.

Shinyanga tulilala kwa mama mdogo. Kesho yake hospitalini, daktari hakumsalimia Limi hata kidogo! Alikaa sakafuni, akamgeuzia ubavu, akaanza kupanga vizibo vya soda. Limi akamsogelea mwenyewe.

"Mama Limi, hii ni otizimu, hali ambayo mtoto huzaliwa nayo. Siyo jini."

"Lakini hana hisia, daktari. Baba yake alipofariki hakutoa chozi."

"Anazo, tena nyingi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo kama punje ya karanga. Ndiyo inayotushtua kukiwa na hatari. Huko nje watafiti wameanza kupiga picha ubongo wa mtu akiwa hai, anatazama sura za watu. Wanahisi kwa watoto kama huyu, uso tu unaweza kutisha kama simba. Bado wanachunguza."

Nilishika kichwa changu. Hofu inapigwa picha! Hata mimi, ninayelowa jasho mwalimu akinitaja, ninayo punje hiyo.

Tukirudi, tangu Kahama, nilimtazama Limi amelala. Simba wangapi amekutana nao kwa siku moja, na sisi tunamshika kidevu awatazame vizuri!

Asubuhi baada ya kufika, Guku alikuwa kwenye kigoda karibu na zizi. "Mlete anisalimie."

Nilipiga magoti, nikamwamkia kwanza mimi. "Mwangaluka, Guku." Halafu sikuinuka. Nilimweleza yote, nikamwomba asimtazame Limi usoni.

Guku akageuza kigoda, akawaelekea ng'ombe.

"Hawa nao hawajawahi kunisalimia," akasema, "na sijawapeleka kwa mganga. Haya, mwite."

Nikaenda kumwita Limi.