Moyo wa Mgeni na Maziwa ya Samuye

Moyo wangu wa pili niliupata Uingereza, kwa marehemu ambaye sikuambiwa hata jina lake. Kaka yangu anaishi huko, na ndiye aliyehangaika mpaka nikapasuliwa. Mwaka uliofuata nusura moyo huohuo unizike, na kosa halikuwa lake.

Madaktari waliogopa chembe nyeupe za damu, hawa askari wa mwili, kwa sababu askari hao walimwona mgeni kifuani wakaanza kumshambulia. Nilikuwa nameza vidonge vya kuwatuliza, kiganja kizima kila siku, ila vidonge huwatuliza askari wote bila kuchagua, ukabaki mtu wa kuogopa hata mafua ya jirani. Ndipo wakaniweka kwenye mashine ya mwanga. Damu inatolewa mkononi, chembe nyeupe zinatengwa, zinatiwa dawa isiyofanya kazi mpaka imulikwe, zinapitishwa kwenye mwanga usioonekana kwa macho, kisha zinarudishwa mwilini. Baada ya hapo unavaa miwani myeusi na kukwepa jua. Daktari alinieleza kuwa chembe zilizomulikwa huufundisha mwili kuuzoea moyo, bila kuwavua silaha askari wengine. Miezi ikapita, akanipunguzia kidonge kimoja. Kimoja tu, alisema mara mbili, nami nikaitikia kwa kichwa.

Nilirudi Shinyanga najiona mshindi. Watu walijaa kwenye duka langu la vitambaa kunipa pole, na mke wangu akasimama mlangoni kuhakikisha hakuna anayenishika mkono. Mjini walivumisha kwamba wazungu wamenichemsha damu. Nilicheka sana. Lakini vidonge vilinivimbisha uso na kunitetemesha mikono hata nikashindwa kukata kitambaa kikanyooka, na mimi sikuumbwa mvumilivu. Nikajiambia mwanga umeshamaliza kazi. Nikaanza kuvitumbukiza, kimoja leo, viwili kesho, kwenye droo ya nyuzi chini ya kaunta.

Nilikuwa na rafiki mfugaji wa kijiji cha Samuye, urafiki tuliorithi kwa baba zetu. Kila Jumamosi alikuja kwa baiskeli na kibuyu cha maziwa. Mke wangu aliagiza yachemshwe kwanza, mimi nikawa nayanywa mabichi nyuma ya duka, kwa ubishi tu. Rafiki yangu hakujua habari ya kuchemsha, maana sikumwambia.

Mvua zilipoanza, miguu ikavimba. Ngazi tatu za dukani zikawa mlima. Mke wangu akakikuta kibuyu nyuma ya duka, kina maziwa mabichi, na Jumamosi ile, mbele ya wateja, akamwambia rafiki yangu kwamba maziwa yake ndiyo yanayoniua. Rafiki yangu alisimama ameshika kofia mkononi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba maziwa anayoniletea huyakamua kwa ng'ombe mmoja tu, yule mwekundu. Kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, natafuta pumzi, droo ya nyuzi inagusa goti. Nilinyamaza. Niliona aibu mbele ya mke wangu, na aibu ikanishinda nguvu.

Wiki iliyofuata tukasikia amempeleka yule mwekundu mnadani na wachinjaji wamemchukua, ili asije akamdhuru mtu mwingine. Hata hapo sikufungua mdomo. Nilipanda ndege kurudi Uingereza.

Kule walichukua kipande kidogo cha moyo wakakipima. Hawakuona ugonjwa wowote wa maziwa. Askari walikuwa wamerudi kumpiga mgeni. Daktari aliniuliza kuhusu vidonge, nami nikamwambia ukweli wote, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kwetu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Nikarudishwa kwenye vidonge na kwenye mashine. Safari hii, nikiwa nimelala natazama damu yangu ikizunguka kwenye mipira, sikuwaza moyo. Nilimuwaza rafiki yangu na kofia yake.

Niliporudi nilimweleza mke wangu kwanza. Aliifungua droo akaikung'uta juu ya kaunta. Kesho yake nikaenda Samuye.

Rafiki yangu alinipokea uani. "Mwangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma, na mikono akaiweka nyuma. Kigoda changu alikuwa amekiweka mbali na chake. Mkewe akaleta maziwa ya kuazima kwa jirani, yamechemshwa mpaka yakafanya utando, na yeye mwenyewe akasisitiza yalichemka sana.

Nikamwambia, "Maziwa yako hayakunidhuru. Niliacha dawa mwenyewe. Siku ile dukani nilijua."

Aligeuka akaliangalia zizi.

"Kwa hiyo yule ng'ombe alikuwa mzima," alisema.

Nikamjibu kwamba ndiyo, alikuwa mzima.