Panga la Saba

Mngurumo ulitangulia. Nilikuwa naanua nguo uani, matone ya kwanza yakigonga bati za jirani, nikausikia ukija kutoka ndani ya mawingu yaliyokuwa yameifunika Uluguru mpaka chini kwenye mashamba. Haukuwa wa ndege za siku hizi. Ulikuwa mzito, wenye kikohozi katikati, mngurumo wa injini ya propela. Nilisimama na shuka mikononi nikisubiri ndege itokeze. Haikutokeza. Sauti ilielekea upande wa Ngerengere, ikafifia, nami nikajikuta nahesabu kwa kunong'ona. Moja, mbili, tatu. Nilipofika saba nikanyamaza.

Nitawaeleza kwa nini. Mama yangu mwenyewe hajui.

Nilikuwa na miaka kumi. Kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji kulikuwa na ndege ya abiria ya zamani, ya injini mbili, iliyotelekezwa na kampuni iliyokufa kabla sijazaliwa. Popo walilala kwenye viti vyake. Kisha makumbusho ya Dar es Salaam yakasema yataipokea, na wazee watatu wakajitolea kuifufua. Babu yangu, mzaa mama, ndiye aliyekuwa fundi. Mzee Jayanti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alileta rangi, misumari na maneno mengi. Wa tatu alikuwa Dezideri, mkulima wa karoti na njegere kutoka Mgeta, ambaye kijijini kwao ndiye aliyeitunza mashine ya kusagia ya misheni. Alishuka mlimani kila Ijumaa na gunia la mboga, akarudi kila Jumatatu na oili kwenye kucha.

Babu alikuwa Mnyamwezi, Dezideri Mluguru, kwa hiyo walikuwa watani na hawakuheshimiana hata kidogo.

"Mtani, siku ukifa nitakuzika na spana yako," Dezideri alimwambia, "maana mbinguni hawataki watu wasio na kazi."

"Wewe utanizika? Kaburi lenyewe utalichimba kama tuta la karoti."

Miaka mitatu walifanya kazi hivyo. Bado nikinusa mafuta ya taa na rangi mbichi, nawasikia wakitukanana kwa upendo chini ya bawa.

Lakini Babu alikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Ujana wake wote alizihudumia ndege kama ile. Alizijaza mafuta, akazifunga milango, akazipungia mkono zikiondoka na watu wengine. Yeye hakuwahi kupanda. Rubani aliyejitolea kuja kuirusha hadi Dar es Salaam alimwahidi kiti nyuma yake. Dakika arobaini tu. Babu alinunua shati jeupe, akalitundika ukutani wiki mbili kabla ya siku yenyewe, na kila nilipopita nililiona likimsubiri.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Silinda za injini zile zimepangwa duara, kama petali za alizeti. Injini ikilala, oili huchuruzika hadi silinda za chini. Ukiiwasha hivyo pistoni itakutana na oili, na oili haibonyei, lazima kitu kivunjike. Kwa hiyo kabla ya kuwasha ni lazima mtu aivute propela kwa mikono, taratibu, hadi mapanga yake yapite mara kumi na tano. Dezideri alivuta. Mimi nilihesabu kwa sauti.

"Ikikataa," Babu alitufundisha, "iache. Fungua plagi za chini, oili imwagike. Usiirudishe nyuma hata siku moja. Ukiirudisha itakudanganya."

Hakutueleza itatudanganya vipi, nasi hatukuuliza.

Siku ya safari ilipambazuka na wingu limekalia mlima. Mzee Jayanti alikuja amevaa suti na viatu vya harusi, amebeba mfuko wa chevda za kutafuna njiani kana kwamba wanakwenda Ulaya. Bwana wa makumbusho aliitazama saa yake kila mara. Rubani alisema wingu likifika kwenye miti ya misheni iliyo chini ya mlima hatairusha, naye hana siku nyingine. Kisha akapanda na Babu kwenda kukagua vyombo.

Injini ya kushoto ilipita vizuri. Ya kulia tuliianza, nikahesabu mpaka sita. Panga la saba likagoma.

Dezideri alisukuma kwa bega. Halikwenda. Kufungua plagi za chini na kuzirudisha kungechukua zaidi ya saa nzima. Sote wawili tuligeuka tukatazama mlimani. Wingu lilikuwa limeanza kuilamba miti.

"Mjukuu wa mtani," aliniambia polepole, "hata mashine ya misheni hugoma hivi. Unairudisha kidogo, inapata nafasi, inapita."

Nilijua ni mwiko. Lakini nililiona lile shati jeupe, safari hii kwenye dirisha la ndege, likiwa na Babu ndani yake. Nikasogea nyuma nimpishe.

Alilirudisha panga nyuma kiasi cha nusu mzunguko, akalivuta tena. Likapita laini kama mlango uliopakwa mafuta.

"Si unaona? Endelea."

"Saba," nikasema. "Nane."

Tulipomaliza Babu alitoa kichwa dirishani. "Nyamizi! Hesabu!"

"Kumi na tano, Babu!"

"Yote laini?"

Nilimtazama Dezideri. Dezideri aliutazama mlima.

"Yote laini!"

Injini ya kushoto iliwaka kwa moshi wa buluu, tukapiga makofi. Ya kulia ilizunguka, ikakohoa mara mbili, halafu ukasikika mshindo mmoja, kama nyundo imepigwa ndani ya sufuria. Propela ikasimama palepale. Mzee Jayanti alikuwa bado anapiga makofi. Aliacha peke yake, mwisho kabisa.

Waliisukuma ndege hadi ndani ya banda. Babu alikunja mikono ya shati jeupe, akafungua bomba linalopeleka hewa kwenye silinda za chini. Oili ilimwagika. Ilimtiririka kiganjani, ikapita kwenye saa, ikafika kwenye kiwiko. Aliisugua kidogo kati ya vidole. Alimtazama Dezideri kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Ulihesabu ngapi, mama?"

"Kumi na tano."

"Haya."

Akamgeukia bwana wa makumbusho. "Kosa ni langu. Ningepaswa kuivuta kwa mkono wangu. Uzee umenizidi."

"Arre, bhai, usiseme hivyo," Mzee Jayanti alisema, mfuko wa chevda ukiwa bado kwapani.

Bwana wa makumbusho alisema basi itakwenda kwa lori, mabawa yatafunguliwa, na kwamba labda kazi hii tangu mwanzo ilihitaji watu wenye nguvu zaidi. Babu aliitikia kwa kichwa. Dezideri alikuwa ameinama, anatafuta ardhini kitu ambacho hakikuwapo.

Babu alifariki miaka minne baadaye. Msibani watu walimsubiri mtani. Mnajua ilivyo: mtani hufika akalala kaburini, akadai fidia, akawachekesha wafiwa hadi machozi yachanganyike. Dezideri alishuka kutoka Mgeta na gunia la karoti, akaketi nyuma kabisa, hakusema neno. Wajomba zangu walinong'ona kwamba ameringa. Kabla jeneza halijashushwa alisogea, akaweka spana juu yake, akaondoka. Hakuna aliyecheka.

Mwaka jana nilikwenda kuitazama ndege makumbushoni. Watoto wa shule walikuwa wakipanda ngazi zake. Kijana mmoja fundi, wa kujitolea kama wale wazee, alinionyesha injini, nami nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, oili inafikaje kwenye bomba la hewa.

"Nyingi? Ya kumwagika?" Alicheka. "Hiyo haifiki yenyewe, dada. Hapo mtu alirudisha propela nyuma. Oili inasukumwa humo, inajificha, ukiwasha inarudi yote."

Nilishika reli ya ngazi. Miaka yote nilikuwa nimebeba siri nikiamini nimemficha Babu. Kumbe alijua tangu oili ilipomgusa kiganja. Aliniuliza hesabu ili anipe nafasi ya kusema, na nilipokataa nafasi hiyo, aliuchukua mzigo mwenyewe, mbele ya watu, akiwa na shati lake jeupe lililoharibika.

Sasa naielewa jioni ya siku ile, bandani. Wengine walikuwa wametangulia, mimi nafagia. Babu alivua saa, akaifuta, akaiokota ovaroli yake ya kazi, akaitundika kwenye msumari wake. Alisimama karibu na mlango wa bati, ameupa mgongo uwanja, kama anayesubiri kuitwa. Nilifungua mdomo. Nililiona lile panga la saba, nikaliona wingu, nikaufunga.

"Haya, mama," alisema. "Ukimaliza kufagia, uje."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, mpaka komeo likalia.