Mguu wa Kushoto wa Perpetua

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Kigoma, Mkuu wa Maabara alinikalisha mbele ya hadubini akasema, "Binti, huku mgonjwa hasemi, damu ndiyo inasema. Usiidakie maneno." Jioni nilipofumba macho bado niliona vidoa vya zambarau. Nilikuwa nimeshapenda!

Ikaja miaka ya wakimbizi. Magari ya kambini yaliteremka kwa njia ya Kidahwe, na katika mojawapo alikuwemo Perpetua, mama wa Kirundi, amekonda, bandama limemjaa tumboni. Niliipaka damu yake kwenye kioo, nikaitia rangi, nikachungulia. Chembe nyeupe zilibanana kama dagaa walioanikwa ufukweni Katonga. Saratani ya damu.

Siku ya nne mguu wake wa kushoto ukavimba. Huo mmoja tu, wa moto, unauma. Dada yake, Esperansi, akafanya ambalo yeyote wa mwambao huu angefanya: akapasha mawese, akaanza kuukanda. Nilimkuta nilipokwenda wodini kuchukua damu.

"Dada, acha!"

"Niache kwa nini? Mama yetu alitukanda hivi hivi."

"Damu imeganda mshipani. Ukiisukuma, bonge litapanda mapafuni. Atakufia mikononi!"

Aliinua viganja vyekundu kwa mawese, akavitazama kana kwamba si vyake.

Mganga Mfawidhi alikuja, akaupima mguu, akakubali. Lakini kichupa cha heparini, dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda, alikishika tu.

"Wenye saratani ya damu huvuja puani, kwenye fizi," alisema. "Nikimchoma akavuja ndani, nitamwongezea damu ipi? Friji tupu."

"Mzee, wanaovuja ni waliopungukiwa chembe sahani, zile ndogo zinazoziba jeraha. Huyu zimemzidi. Nadhani ndizo zinazomgandisha."

"Umezihesabu?"

"Nimekadiria."

"Mimi simchomi mtu kwa makadirio. Kahesabu. Mara mbili!"

Nilikimbia. Chembe sahani ni kama vumbi. Lazima uziache zitulie kwenye kioo cha kuhesabia, dakika ishirini hivi. Dakika ndefu kuliko zote za utumishi wangu! Nikahesabu. Tele. Nikarudia. Tele vilevile!

Mganga aliisoma karatasi yangu akiwa amepandisha miwani. "Ukinidanganya, nitakufuata hata kwenu Katubuka." Akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Hakuvuja. Baada ya siku kadhaa uvimbe ulianza kushuka.

Sasa nimestaafu. Vijana wana mashine inayohesabu kufumba na kufumbua, nami nawaonea wivu waziwazi! Nawaambia tu: saratani ya damu ina milango miwili, wa kuvuja na wa kuganda, msilinde mmoja tu.

Ugonjwa wenyewe hatukuwa na dawa yake. Perpetua alipelekwa Mwanza, na sikupata habari zake tena. Ila stesheni nilimsindikiza. Esperansi alimshika kiuno ampandishe kwenye behewa.

"Niachilie bwana," Perpetua alisema. "Miguu ninayo."

Akatanguliza wa kushoto.