Inchi za Mke Wangu

Mimi ni fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekaa kibarazani, mjini Bagamoyo, nyuma ya soko, nikishona magauni, mabuibui, kanzu na sare za shule. Nimepima viuno vingi mno. Mteja akipita tu njiani naweza kukisia kipimo chake nisikosee zaidi ya inchi moja. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema ili ieleweke kwamba nilipomdanganya mke wangu sikuwa nimesoma vibaya. Nilisoma sawasawa, kisha nikatamka uongo.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi kule Zinga. Nilipomuoa alikuwa mwembamba, mkono wake ukiuzungushia vidole vinakutana. Alivyozidi kunenepa, sifa nilipewa mimi. "Mkeo kanawiri, fundi. Unamtunza." Nilizipenda sifa hizo. Niliyaachia magauni yake yapanuke, mwaka baada ya mwaka, inchi hapa, inchi pale, na kila nilipofumua mshono nilijiona mwanamume kamili.

Basi ikatokea kichwa kikaniuma siku tatu mfululizo, akanipeleka kupima presha. Na yeye akapimwa. Muuguzi akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Baba, mama, punguzeni uzito. Wote wawili. Hilo si la kungoja." Tulirudi nyumbani tukicheka, tukitaniana nani atakuwa wa kwanza kushindwa. Watoto wetu wamekwishaondoka nyumbani, tumebaki wawili, kwa hiyo tuliweka sheria zetu bila kuomba ushauri wa mtu. Chai bila sukari. Chapati hakuna. Wali kidogo, mboga nyingi. Na kila Ijumaa, baada ya swala, tupimane viuno kwa futi yangu. Ijumaa ya kwanza nilimpima nikapata arobaini na tatu. Yeye akanipima mimi, akivuta futi kwa meno kama anafunga gunia, akapata arobaini na nne.

Nilishindwa mapema. Pembeni ya kibaraza changu mama mmoja anakaanga chapati, na ikifika saa nne harufu yake inaingia mpaka ndani ya vitambaa. Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili nilisema nusu chapati si kitu. Wiki ya tatu nilikuwa nakula mbili na maharage, nafuta midomo kwa kipande cha bitana, kisha jioni nakaa mkekani mbele ya mchicha na kipande cha samaki kama mcha Mungu. Yeye alikula mchicha uleule, na kwake ulifanya kazi. Ijumaa ya nne alikuwa arobaini. Mimi nilikuwa arobaini na tano.

"Baba watoto," akaniuliza, "wewe unapunguza au unaachia?"

Alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini rohoni kitu kilinichoma. Tulikuwa tumeanzia mlango mmoja, na sasa nilikuwa nauona mgongo wake.

Kisha likaingia jina la mtu wa tatu. Silitaji, tumwite tu mwalimu wa michezo, kwa kuwa ndivyo mke wangu alivyomwita. Kijana kutoka bara, amepangiwa shule ile mwaka jana. Alikuwa akiwakusanya walimu wenzake uwanjani baada ya vipindi, wakimbie, waruke, wanyooshe viungo. Mke wangu akarudi nyumbani jioni uso unang'aa kwa jasho, na kila sentensi ikaanza naye. Mwalimu wa michezo kasema tusile baada ya Magharibi. Mwalimu wa michezo kasema maji ya vuguvugu asubuhi. Mwalimu wa michezo kasema magoti yangu yamepata nguvu.

"Magoti yako kayajuaje?" nikauliza.

"Si ananiona nikikimbia!"

Alijibu bila kufikiri. Hapo ndipo wivu wangu ulipopata miguu. Kwanza nilikuwa namwonea gere kwa sababu aliweza nilichoshindwa. Sasa nikamwonea wivu wa mume.

Likaja la arusi ya Kerege. Tulialikwa na jamaa zake. Alivaa gauni la kijani nililolipunguza mwenyewe mara mbili, na kweli alipendeza mpaka nikaona vibaya kumtazama. Bibi mmoja aliyekuwa akigawa sahani akanisalimia kwa adabu, akasema, "Na binti yako huyu apate sahani yake." Nimemzidi mke wangu miaka sita tu. Mke wangu akashika mdomo, akacheka, na mimi nikahesabu muda wa kicheko kile. Kilizidi kidogo. Huenda hakikuzidi. Mimi nilisikia kimezidi.

Ijumaa iliyofuata alisimama mbele ya kioo chetu kama kawaida, mikono juu. Mimi hupitisha futi mbele na kuikutanisha nyuma, mgongoni kwake, kwa hiyo namba nazisoma mimi peke yangu. Ilikuwa thelathini na nane.

"Ngapi?" akauliza.

"Arobaini," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe. Niliona kwenye kioo mabega yake yakishuka, na Mungu anisamehe, nikaona raha.

Uongo wa namna hiyo hauwezi kukaa peke yake. Magauni yangemweleza ukweli, kwa hiyo nikaanza na magauni. "Zipu hii inalegea, nipe nikaitazame." "Pindo hili limefumuka." Nikayachukua moja moja hadi kibarazani, nikaingiza mshono ndani nusu inchi kila upande, nikapiga pasi vizuri lisionekane lolote. Alipoyavaa yalimbana vilevile. Ijumaa nyingine nikasema arobaini. Iliyofuata, arobaini tena.

"Mbona shuleni wote wananiambia nimepungua?" akauliza siku moja, amejishika tumbo.

"Wanakutia moyo tu. Futi haimpambi mtu."

Akatikisa kichwa kukubali. Aliniamini. Nilipoona ameniamini nilipaswa kuona haya, lakini siku hizo nilikuwa nawaza jambo moja tu: akate tamaa, aache uwanja ule, arudi kuwa wangu kama zamani, mnene, anayesifiwa kwa ajili yangu.

Hakukata tamaa. Akapunguza chakula. Aliondoa wali wote. Kisha akaondoa samaki. Asubuhi akawa anakunywa chai ya rangi, mchana tango na ndimu, jioni anakaa akinitazama nikila. "Mwili wangu mbishi," alisema. "Lazima niushinde."

Siku moja nilifunga kibaraza mapema nikaenda Zinga. Nilijiambia nakwenda kumwangalia mteja, lakini hakukuwa na mteja. Nilisimama dukani, ng'ambo ya uwanja wa shule, nikaagiza soda. Nikawaona, walimu kama kumi, wanaruka huku wakipiga makofi. Mwalimu wa michezo alisimama mbele na filimbi, mwembamba, miguu mirefu. Hakumgusa mke wangu. Hakumkaribia kuliko alivyowakaribia wengine. Walipoanza kukimbia, mke wangu alikuwa wa mwisho katika mzunguko, anahema, mtandio umefungwa kiunoni, na alikuwa anacheka. Kicheko kile sikukijua. Hakikuwa cha kunichekea mimi wala cha kuwachekea watoto wetu. Alikuwa anacheka peke yake, kwa kuwa anakimbia. Ingekuwa afadhali ningekuta wameshikana mikono, ningejua la kufanya. Nilimaliza soda ile, nikanunua nyingine, nikarudi mjini.

Wiki mbili baadaye simu ikalia niko kazini. Sauti ya kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ni mwalimu mwenzake na mama hapa shuleni. Mama ameanguka darasani. Usishtuke, ameamka, anaongea. Tuko naye zahanati."

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Nilipofika, yeye ndiye aliyekuwa ameshika mkoba na viatu vya mke wangu, amekaa kwenye benchi nje. Akasimama, akanipa mkono, akaniachia nafasi niingie.

Ndani, muuguzi alikuwa amemaliza kumpima uzito. Akafungua kadi ya zamani, akalinganisha. "Mama, umepungua kilo nyingi kwa muda mfupi sana. Na damu imeshuka. Kwa nini unajinyima hivi? Ulikwishafika pazuri, ungeendelea taratibu tu."

Mke wangu akasema kwa sauti ndogo, "Nimepungua? Mbona nyumbani futi haishuki?"

"Futi gani?"

Alinigeukia mimi. Nikatazama ukutani, kwenye picha ya mtoto anayechanjwa, nikaitazama kana kwamba na mimi nasubiri chanjo.

Tulirudi nyumbani. Alikunywa uji nilioupika, akamaliza bakuli, kisha akaingia chumbani. Nilipomfuata nilimkuta kitandani na magauni yake yote matano ya kazini, ameyageuza ndani nje. Kwenye gauni la kijani kulikuwa na mistari minne ya uzi kila upande, mmoja ndani ya mwingine, na yeye aliijua miwili tu. Akapitisha kidole juu ya mstari wa mwisho.

"Mishono hii ya nani?"

"Yangu."

"Kwa nini?"

"Niliona wivu."

"Wa nani?"

"Wa yule kijana. Na wako. Uliweza, mimi sikuweza."

Nilitamani apige kelele.

"Mwalimu wa michezo aliniambia," akasema, "labda futi ya mumeo ina kasoro. Nikamgombeza mbele ya watu. Nikamwambia mume wangu ni fundi miaka ishirini, hakosei. Nimeanguka mbele ya watoto wa darasa la tatu, chaki mkononi, kwa sababu nilikuamini wewe kuliko mwili wangu."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Nimesikia." Hakusema nimekusamehe. Kisha akasema kesho niende nikamwambie yule kijana kwamba futi haikuwa na kasoro.

Nilikwenda. Nilimweleza yote tumesimama chini ya dirisha la ofisi ya walimu, na yeye ndiye aliyeona aibu, akawa anatazama filimbi yake. Mwishoni akasema, "Mzee, uwanja upo. Njoo ufanye mazoezi na sisi." Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili nilikaa chini katikati ya mzunguko, na mke wangu akanipita, akanipita tena. Sikurudi. Ningependa kusema ni magoti. Ni wivu.

Adhabu yangu haikuwa ugomvi. Hakurudi kwao, hakuwaita wazee. Alichukua magauni yake matano akayapeleka kwa fundi wa stendi, ayafumue na kuyapima upya. Tangu siku hiyo hashonewi na mimi. Mke wa fundi ashonewe kwa fundi mwingine, katika mji mdogo kama wetu! Mteja wangu wa siku nyingi, bibi wa Kiarabu wa mtaa wa pili, alikuja na kitambaa chake, akakaa, akauliza kwa upole, "Fundi, mkeo nimemkuta kwa yule wa stendi. Kuna nini?"

"Nina kazi nyingi, bibi."

Akakitazama kibaraza changu, kilichokuwa na kanzu mbili tu.

Yule fundi wa stendi ni kijana, mikono yake mirefu. Najua jinsi fundi anavyopima kiuno. Najua pumzi inafika wapi. Mara nyingi nimekaa kwenye cherehani, mguu umesimama, nikimwona kwa mawazo anakutanisha futi mgongoni kwa mke wangu na kumsomea namba ya kweli.

Na mimi sasa natembea. Asubuhi, peke yangu, kutoka nyumbani mpaka njia panda na kurudi. Mama wa chapati nimemwomba asinikaribishe, na yeye, mtu mwema, anageuza uso nikifika. Nimepungua kidogo, suruali moja nimeipunguza. Hakuna aliyesema lolote, na mimi nimegundua kwamba nilikuwa nangoja waseme.

Sikukuu ya Idi iliyopita mke wangu alitoka chumbani na gauni jipya, la rangi ya zambarau, kazi ya stendi. Bega la kushoto lilikaa vibaya. Ningelitengeneza kwa dakika kumi.

"Nimependeza?" akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza tangu mambo yale.

"Umependeza."

"Kweli?"

"Kweli."

Akanitazama sana, kama anayepima. Kisha akachukua mkoba, tukatoka. Kabla hatujafika kona, wanaume wawili walimpa mkono wa Idi, mmoja akamwambia, "Mwalimu, umerudia usichana." Moto ukaniwaka palepale, uleule. Nikamwambia. Nilimwambia hapohapo njiani, "Nimeona wivu."

"Najua," akasema. "Tembea."