Mama Masikio na Sauti Iliyofagiwa

Walimwita Mama Masikio, na si kwa sababu masikio yake yalikuwa makubwa. Miaka kumi na saba alifanya kazi kwenye chumba cha uhariri cha redio, akikata pumzi za watangazaji, vikohozi vyao, na ile "eee" ya mtu aliyesahau neno. Redio ilipopunguza watu, alikodi kichumba jirani na duka la vioo, akaweka kompyuta, spika mbili na viti viwili. Chake alikikalia kwa nadra. Alikuwa mtu wa kuketi nusu tako, kuinuka, kuchungulia dirishani na kurudi, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Watu walimletea kanda, diski na simu zilizokufa, naye akazigeuza sauti zilizomo ziweze kufunguka kwenye simu yoyote.

Asubuhi moja mshonaji wa mtaa wa nyuma alimletea kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, imeviringishwa kwenye kipande cha kitambaa.

"Humu mna sauti ya baba," alisema. "Alijirekodi hospitali siku ya upasuaji ili mama aje asikie. Simu ikamzimikia mkononi. Yeye mwenyewe hakurudi. Mwaka wa nane huu, na kila ninayempelekea ananiambia faili bovu. Mama macho yamekwisha, dada. Amebaki na masikio tu."

"Niachie. Mlete kesho saa nane mchana."

Neno kesho lilimtoka kabla hajalipima.

Mwanzoni faili halikufunguka kabisa. Simu ilikuwa imezimika kabla ya kumaliza kuandika, kwa hiyo kichwa cha faili, yale maelezo ya mwanzo yanayoieleza kompyuta sauti imekunjwaje, hakikuwapo. Akaazima kichwa cha rekodi nyingine iliyokuwa kwenye kadi hiyohiyo, akakipachika. Faili likafunguka, lakini kimya. Akazunguka chumba mara mbili. Kumbe kodeki, kile kipande cha programu kinachoikunjua sauti, ilikuwa ya simu za siku hizi. Akaweka ya zamani. Sauti ikatoka nyembamba, ya mbio, kama kinda la ndege. Akacheka peke yake, kicheko kifupi. Alikuwa anaisoma kwa mwendo mara mbili ya ule iliorekodiwa. Akaupunguza kwa nusu, na mwanamume mzima akazungumza ndani ya kile kichumba.

Ila alizungumza kwa kukatikakatika. "Mwe, mwe, mwe," halafu kimya kirefu, halafu "mwenzangu." Hivyo hivyo mpaka mwisho. Mama Masikio akajua, au alidhani amejua: faili limejeruhiwa, vipande vinajirudia. Akapitisha kichujio cha kuondoa mvumo wa mashine za wodini, kingine cha kukata ukimya, kisha akashika vile vinavyojirudia na kuvifuta kwa mkono, kimoja kimoja. Dakika sita zikawa mbili na nusu. Aliposikiliza tena, maneno yalitiririka kama maji ya bomba. Kompyuta ilikuwa imejaa, akaifuta nakala ghafi, ile ya kabla ya kusafishwa. Chai yake ilikuwa imepoa tangu asubuhi.

Kesho yake mshonaji alifika akimshika mama yake mkono, na kaka yake, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, akafuata nyuma na aproni yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, nisikilizishe."

Akabonyeza. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua kadi mezani, akasema ana mteja kichwa nusu, akaondoka. Mshonaji alifuta macho. Mama mtu aliomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni baba, mama."

"Sauti ni yake. Lakini baba yenu hakuwahi kuniita mwenzangu kwa mkupuo mmoja, hata siku moja. Huyu ni mtu mwingine kavaa koti lake."

Mshonaji akaweka kiganja mdomoni. "Dada, nisamehe. Baba alikuwa na kigugumizi. Sikukwambia kwa sababu sisi tulishaacha kukisikia."

Mama Masikio alitupa jicho mezani: kadi, yenye nakala pekee iliyobaki, haikuwapo. Alivuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Kinyozi alikuwa ameshaitia kadi kwenye simu yake, na kioo cha simu kilikuwa kinauliza: kadi ina hitilafu, ifutwe? Kidole chake kilikuwa hewani. Mteja alikuwa anasubiri, upande mmoja umenyolewa.

"Usiguse hapo, kaka. Nipe."

"Ya nini? Kazi si umeshamaliza?"

"Nimeiharibu. Nimemtoa kigugumizi chake."

Kinyozi alishusha simu taratibu. "Sasa kuna ubaya gani? Mimi nilitaniwa shule nzima kwa ajili ya kile kigugumizi. Baba akija mkutanoni watoto wanamuiga mpaka darasani. Mara moja tu nimemsikia anaongea kama baba za wenzangu, na wewe unataka kumrudisha."

"Nikurekodie wewe hiyo iliyonyooka. Sikunyimi. Lakini hii ni ya mama yako, na mama yako anauliza huyu ni nani."

Mteja alikohoa. Kinyozi aliitoa kadi, akamwekea kiganjani, kisha akarudi kwenye kichwa chake nusu.

Kazi yote ilianza upya: kichwa, kodeki, mwendo. Mara hii alipunguza mvumo kidogo tu, na vidole vyake vilivyozoea kukata akavikalia. Yule mama alisubiri pale pale, mikono magotini.

"Mwe, mwe, mwe."

Kimya. Mama mtu akainamisha kichwa, midomo yake ikijongea, akimsubiri mumewe kama alivyomsubiri miaka yote ya ndoa yao.

"Mwenzangu. Ko, ko, komeo la dirisha la jikoni si, si, sijalikaza. Usilisukume kwa nguvu."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Si nililivunja mwezi uleule," alimwambia binti yake. Zilipokwisha dakika sita aliomba waianze tena, na hakuna aliyeharakisha kitu.

Walipoondoka, Mama Masikio hakuweza kuketi. Alifungua orodha ya kazi za nyuma, sauti mia na zaidi alizozisafisha kwa fahari, akaipitia huku amesimama. Kisha akachukua simu, akampigia mteja wa miezi mitano nyuma.

"Samahani kwa usumbufu," alisema. "Yule mjomba wako niliyekusafishia hotuba yake. Alikuwa anaongea vipi?"