Wimbo wa Kifaranga

Fyuu-ti-fyuuu. Waulize watu wazima wa mtaa ule, hata leo watakuimbia sauti hiyo, na vidole vyao vitajikunja vyenyewe kana kwamba vimeshika kitu. Ilikuwa sauti ya ushindi. Ilitoka kwenye mashine ya gemu iliyosimama katikati ya chumba kimoja chenye kazi mbili. Upande wa mlangoni mume alinyoa watu. Upande wa ndani mkewe alitengeneza redio, pasi na feni. Mashine ilikuwa kama ukuta kati yao, skrini imemwelekea kinyozi, mgongo umeielekea meza ya fundi.

Fundi huyo watoto walimwita Shangazi Bisibisi, maana bisibisi ilikaa nyuma ya sikio lake kutwa nzima, na siku nyingine aliisahau akalala nayo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mwanya mpana katika meno ya mbele. Mumewe alipenda kuwaambia wateja, "Mimi sikuoa mtu. Nilioa mwanya, mtu akaja nao."

Mashine aliletewa ikiwa maiti, na mtu aliyefunga ukumbi wake wa michezo. Akaifufua. Ndani yake mlikuwa na kifaranga wa manjano anayekimbia kwenye vichochoro akiokota punje, na mwewe wanamkimbiza. Akiokota punje ya mwisho, mlango wa banda unafunguka, anaingia kwa mama yake. Hapo skrini ilimetameta, rangi zikachezacheza, na spika ikasema: tk. Basi. Kama kijiti kilichovunjika.

"Hapa pana wimbo," Shangazi alisema. "Umekwama mahali."

Akautafuta. Alibadilisha spika, akachomoa waya mmoja baada ya mwingine na kuurudisha, akalehemu upya mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama pembe. Tk.

"Labda ndivyo ilivyoundwa," mumewe alisema, wembe mkononi.

"Mbio zote zile, mwewe wote wale, halafu mtoto afike nyumbani asipokelewe? Nani aunde kitu kama hicho?"

Kinyozi akakirudia kidevu cha mteja wake. Alishajua kwamba mkewe akishauliza swali la namna hiyo, jibu halitakiwi.

Siku moja alikuja kucheza binti mmoja mdogo aliyeitwa Kigoda, kwa sababu hakufika kwenye kishikio mpaka apande kigoda cha kinyozi. Shangazi alikuwa mezani kwake, nyuma ya mashine. Lakini kioo kikubwa cha kinyozi kilining'inia ukutani pembeni, kimekaa mshazari, na ndani ya kioo hicho aliiona skrini yote, na uso wa Kigoda pia. Kifaranga akaingia bandani. Tk. Mtoto hakusogea. Alikuwa amefungua mdomo kidogo, anangoja. Uso ule ulikuwa umejaa kungoja.

Shangazi akaweka ulimi nyuma ya mwanya wake, akapiga mluzi. Fyuu-ti-fyuuu.

Chumba kililipuka. "Imeimba! Shangazi, mashine imeimba!" Kinyozi nusura amkate mteja sikio.

Toka hapo, kila mtoto aliyefika bandani alipokelewa. Shangazi alitupa jicho la wizi kwenye kioo, mikono haiachi kazi, na hakuna aliyegundua. Mumewe tu ndiye aliyejua, naye aliitunza siri, ingawa mabega yalimtikisika kwa kicheko.

Lakini jioni ya mluzi wa kwanza fundi alifanya jambo jingine. Juu ya mlango kulikuwa na kibao cheupe alichokiandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeusi: TUNATENGENEZA KILA KITU. Alipanda kiti, akalifunika neno la katikati kwa rangi nyeupe. Kikabaki TUNATENGENEZA KITU.

Wapita njia walipata pa kuchekea. "Kitu gani hicho, Shangazi?"

"Lete, tukione."

"Mke wangu, watu wanatucheka," mumewe alinong'ona.

"Wacheke. Kipo kimoja kilichonishinda. Sitaki kibao kinidanganyie watu."

Miaka ikapita. Mashine ikapata mnunuzi wa mbali, ikaondoka. Kibao kikabaki na pengo lake. Alitengeneza majokofu yaliyokatiwa tamaa, redio zilizozama majini, na hakulirudisha neno lile. Mtu akimsifu, jicho lake lilipanda juu ya mlango na kushuka.

Kigoda akakua, akawa mwandishi wa vitabu vya watoto. Siku moja aliingia dukani amekumbatia kitabu kipya.

"Shikamoo, Shangazi. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Kigoda. Umerefuka, jina limebaki fupi."

Kitabu kilihusu msichana aliyeingia ndani ya mashine ya gemu kumsaidia kifaranga aliyepotea. Kuta za vichochoro zilikuwa zikihamahama, na njia pekee ya kujua nyumbani ni wapi ilikuwa kuufuata wimbo. Ulikuwamo, umeandikwa kwa herufi kubwa: fyuu-ti-fyuuu. Shangazi aliweka kidole juu yake, hakukiondoa. Kinyozi akakohoa.

"Nimeipata mashine kama ile ile, nimeazimwa," Kigoda alisema. "Iko maktaba. Jumamosi watoto wanakuja niwasomee, nimewaahidi wataisikia ikiimba. Lakini ni mbovu, Shangazi. Haiimbi."

"Inafanyaje?"

"Inasema tk."

Mume na mke wakatazamana. Kitu kile kile kilichomshinda kilikuwa kimemrudia, safari hii na ukumbi mzima wa mashahidi.

"Nitakuja," alisema.

Jumamosi asubuhi alipiga magoti nyuma ya mashine, mumewe akimshikia tochi. Karatasi ya muhuri wa kiwandani ilikuwa bado nzima juu ya kifuniko. Hakuna mkono uliowahi kuingia humo. Akaichana. Akapima waya, akapima spika. Kila kitu kilikuwa hai.

"Kigoda, cheza umalize."

Kigoda alicheza, na hakuwa amesahau kitu. Kifaranga akaingia bandani. Tk.

Shangazi alikaa kitako sakafuni, mgongo umeegemea ukuta. Mashine hii ilikuwa mpya kama ilivyozaliwa, na ilisema lile lile. Hakukuwa na wimbo uliokwama. Hapakuwahi kuwa na wimbo.

"Nilikwambia," mumewe alinong'ona.

"Ulisema labda."

"Labda yangu ilikuwa nzito."

"Imeshindikana, Shangazi?" Kigoda aliuliza. Kabla hajajibiwa, mlango ulifunguka na watoto wakamwagika ndani.

Kigoda akasoma. Alipofika ukurasa wa wimbo, msichana mwenye miwani alisimama kwenye kishikio, wenzake wakimpigia kelele: "Kulia! Kulia, mwewe huyo!" Akaokota punje ya mwisho. Kifaranga akaingia bandani.

Tk.

"Haiimbi!"

"Kitabu kimetudanganya."

Msichana mwenye miwani hakugeuka. Alikuwa amefungua mdomo kidogo, anangoja.

Humo hamkuwa na kioo cha kinyozi wala meza ya kujifichia. Shangazi akainuka, akasimama kando ya mashine mbele ya macho yote, akaweka ulimi nyuma ya mwanya.

Fyuu-ti-fyuuu.

Msichana akageuka. Kisha paa likataka kuruka. Kitabu kilimponyoka Kigoda kikaanguka miguuni pake.

"Ni wewe," alisema. "Siku zote zile, ni wewe?"

"Mashine haina mdomo, mwanangu. Ungefika nyumbani akupokee nani?"

Kigoda akacheka, akalia, akamkumbatia na bisibisi yake. Watoto wakataka kufundishwa. Walioweza upesi ni wale waliong'oka meno ya mbele. Walizunguka ukumbi wakipiga mluzi na kuwaringia wenye meno kamili. Na Shangazi, ambaye maisha yake yote alikwepa kusifiwa, alisimama katikati yao kichwa juu, akiwasahihisha mmoja mmoja: "Ya mwisho ivute. Ivute, anafika kwa mama yake."

Walirudi kwa miguu, kinyozi amebeba sanduku la vifaa. Mbele ya mlango wao Shangazi akasimama. Aliinua macho kwenye kibao, na safari hii hayakushuka. Alisogea karibu na sikio la mumewe.

"Mzee," alisema, polepole mno, "ile rangi nyeusi bado ipo?"